Hukumu za Sebuleni

Januari 2016 Ikulu ya Marekani ililazimika kuwakumbusha wananchi wake jambo ambalo lingepaswa kujulikana tangu shuleni: Rais hana mamlaka ya kumsamehe mfungwa aliyehukumiwa na mahakama ya jimbo. Ombi lililozua jibu hilo lilikuwa limetiwa saini na zaidi ya watu 100,000. Walitaka Barack Obama awatoe gerezani Steven Avery na mpwa wake, Brendan Dassey, wanaotumikia kifungo cha maisha katika jimbo la Wisconsin kwa mauaji ya Teresa Halbach. Mwezi mmoja nyuma, wengi wa waliotia saini hawakuwa wamewahi kusikia hata moja kati ya majina hayo matatu. Kisha, tarehe 18 Desemba 2015, Netflix ikatoa Making a Murderer, mfululizo wa sehemu 10. Watu wakashinda na kukesha nao siku za sikukuu, na mwaka mpya ukawakuta wamekwisha kutoa hukumu.

Tangu hapo imekuwa desturi. Filamu ya makala inaisha, na kabla majina ya watayarishaji hayajamaliza kupita kwenye kioo, ubishi umeanza: kaua, hakuua, kasingiziwa, yule polisi naye umemwona macho yake? Hata Nairobi na Dar es Salaam, ambako hakuna atakayeitwa kutoa ushahidi Wisconsin, watu wanabishana hadi usiku wa manane wakijua ramani ya yadi ya magari chakavu ya kina Avery ambayo hawataifikia maishani.

Sidhani kama ubishi huo ni upuuzi. Mtu anayebishana juu ya haki ya mgeni asiyemjua anafanya kazi ya uraia, hata kama anaifanya akiwa na bakuli la bisi mapajani. Tatizo ni kwamba tunabishana juu ya swali moja huku filamu imetupa ushahidi wa swali jingine. Kuna swali la kama mtu huyu aliua, na kuna swali la kama serikali ililithibitisha hilo kwa njia halali, pasipo shaka ya maana. Kamera ina nguvu sana katika swali la pili. Inaweza kutuonyesha polisi akihoji, wakili akizembea, jaji akikataa ombi. Katika swali la kwanza ina nguvu ndogo mno, kwa kuwa siku ya tukio haikuwapo. Lakini kinachotuketisha saa kumi mbele ya kioo ni swali la kwanza.

Kisa chenyewe kina mwanzo ambao hakuna mtunzi angethubutu kuubuni. Mwaka 1985 mwanamke mmoja alishambuliwa na kunajisiwa kwenye ufukwe wa Ziwa Michigan. Akamtambua Avery katika picha, kisha katika gwaride la utambulisho. Mashahidi 16 walisema Avery alikuwa kwingine, hawakuaminiwa. Alikaa gerezani miaka 18, mpaka mwaka 2003 kipimo cha vinasaba kilipoonyesha kwamba mshambuliaji alikuwa mtu mwingine kabisa, ambaye polisi wa eneo hilo walikuwa wakimfahamu. Avery akatoka, akaishtaki Kaunti ya Manitowoc akidai dola milioni 36. Oktoba 2005 maofisa wa kaunti walikuwa wakihojiwa kwa kiapo katika kesi hiyo ya madai. Tarehe 31 ya mwezi huohuo, Teresa Halbach, mpiga picha wa miaka 25 aliyekuwa akifanya kazi za jarida la matangazo ya magari, alikwenda yadi ya familia ya Avery kupiga picha gari lililokuwa likiuzwa. Hakuonekana tena akiwa hai. Mabaki ya mifupa yake yaliyoungua yalipatikana nyuma ya nyumba ya Avery.

Mtazamaji yeyote mwenye akili timamu, akishajua habari za 1985, ataanza kumtilia shaka polisi. Na sababu anazo. Upelelezi ulikabidhiwa kaunti jirani ya Calumet, ili kuepuka mgongano wa maslahi, lakini maofisa wa Manitowoc waliendelea kushiriki upekuzi. Ni wao waliouona ufunguo wa gari la marehemu sakafuni katika chumba cha Avery, baada ya chumba hicho kupekuliwa zaidi ya mara moja, ukiwa na vinasaba vya Avery tu na si vya mwanamke aliyekuwa akiutumia kila siku. Upande wa utetezi ulijenga hoja yake hapo: ushahidi umepandikizwa. Jopo la raia 12 halikuikubali, na Machi 2007 Avery alitiwa hatiani.

Katika sehemu moja ya mfululizo mawakili wa utetezi wanafungua kasha lenye damu ya Avery iliyochukuliwa mwaka 1996. Utepe wa kasha umekatwa. Juu ya kizibo cha mpira cha chupa pana tundu dogo. Muziki unapanda, wakili anapiga simu kwa furaha, na mtazamaji anaruka kwenye kochi: kumbe damu ya Avery iliyokutwa ndani ya gari la marehemu ilitoka humu! Muulize muuguzi yeyote, wa Wisconsin au wa kituo cha afya cha Kibaha, atakuambia kwamba chupa za namna hiyo hujazwa kwa sindano inayopita katikati ya kizibo. Tundu ndiyo kazi yake. Utepe uliokatwa unabaki kuwa jambo la kuuliza, ila tundu halikuwa ushahidi wa chochote. FBI ilipima madoa ya damu ya ndani ya gari ikitafuta kemikali inayowekwa kwenye chupa hizo ili damu isigande, na haikuiona. Mtaalamu wa utetezi akajibu kwamba kutoiona hakumaanishi haimo. Hapo ndipo ubishi wa kweli ulipo, na ni ubishi wa kimaabara unaochosha. Tundu la kwenye kizibo ndilo lililobaki katika kumbukumbu za watu.

Mengine yaliachwa nje. Mwendesha mashtaka, Ken Kratz, alilalamika baadaye kwamba watazamaji hawakuambiwa kuwa siku ile Avery alimpigia Halbach simu mara mbili akiwa ameficha namba yake, wala kwamba vinasaba vyake vilipatikana kwenye kitasa cha boneti ya gari la marehemu, mahali ambapo mtu hagusi kwa bahati mbaya. Kratz si shahidi wa kupendeza. Alijiuzulu mwaka 2010 baada ya kubainika kwamba alimtumia ujumbe wa simu wa kimapenzi mwanamke aliyekuwa mwathirika katika kesi aliyokuwa akiisimamia. Lakini ubaya wa mtu haufuti simu zilizopigwa. Waandaaji, Laura Ricciardi na Moira Demos, walijibu kwamba haikuwezekana kuingiza kesi ya wiki kadhaa ndani ya saa kumi, na kwamba waliweka yale yaliyobeba hoja ya serikali. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Uhariri una hila ndogo kuliko hiyo ya kuacha mambo nje, na ya hatari zaidi. Mmoja wa maofisa wa Manitowoc, Andrew Colborn, aliulizwa mahakamani kuhusu simu aliyopiga kituoni kuhakiki namba ya gari la Halbach. Wakili alimuuliza kama anaelewa kwa nini msikilizaji angedhani kwamba alikuwa akilitazama gari lenyewe wakati huo. Kwenye kioo tunamsikia akijibu ndiyo. Mahakamani jibu hilo lilitolewa kwa swali jingine, la kawaida kabisa: kama simu ile ilifanana na simu nyingine nyingi za kuhakiki namba za magari. Colborn aliishtaki Netflix kwa kumchafulia jina, na mwaka 2023 jaji wa shirikisho aliitupa kesi yake. Kisheria, basi, Netflix ilishinda. Ila mimi nikishajua kwamba neno moja limehamishwa, kila ninapoona uso wa mtu ukinyamaza kidogo kabla ya kujibu, nauliza ukimya huo ni wake au ni wa mhariri.

Wala msomaji asidhani hila hii huwasaidia washtakiwa tu. Mwaka 2015 HBO ilifunga mfululizo wa The Jinx kwa sauti ya tajiri Robert Durst akiwa msalani, kinasa sauti kikiwa bado kimewashwa, akijiuliza amefanya nini na kujijibu kwamba amewaua wote. Watazamaji waliganda. Miaka minne baadaye, nakala kamili ya maneno yale ilipowekwa wazi katika mwenendo wa kesi, ilionekana kwamba kauli zile mbili hazikufuatana hivyo: ile ya kuwaua wote ilitangulia, ikafuatwa na maneno mengine ya kunung’unika, na lile swali likaja mwishoni. Durst alikutwa na hatia ya mauaji mwaka 2021, kwa ushahidi mwingi mwingine, akafa Januari 2022. Yaani uhariri ulipinda njia kuelekea mahali ambapo mahakama nayo ilifika. Sijui kama hilo linafariji au linatisha.

Kuna sehemu moja ya Making a Murderer ambayo kwayo mtazamaji anayo haki kamili ya kukasirika: mkanda wa mahojiano ya Brendan Dassey. Hapa hatutazami hoja ya mtu juu ya ushahidi, tunatazama ushahidi wenyewe, uleule uliochezwa mahakamani.

Dassey alikuwa na miaka 16, uwezo wake wa akili chini ya wastani. Tarehe 1 Machi 2006 aliketi na wapelelezi wawili bila wakili na bila mzazi chumbani. Walimwambia wanamwelewa, wako upande wake, ukweli utamweka huru. Walitaka aseme kilichofanyika kwenye kichwa cha marehemu, jambo ambalo walikwisha kulijua. Akabahatisha: walimkata nywele. Wakamwambia aendelee. Alipigwa ngumi. Aendelee. Alikatwa shingo. Mwishowe mpelelezi mmoja akachoka, akauliza moja kwa moja ni nani aliyempiga risasi kichwani. Kijana akajibu kwamba ni mjomba wake. Baada ya kujihusisha kwa kinywa chake na ubakaji na mauaji, aliuliza kama atawahi kurudi shuleni, kwa kuwa kuna kazi ya darasa alitakiwa kuiwasilisha mchana ule.

Upande wa mashtaka una jibu, na ni haki kulitaja. Baada ya mahojiano hayo gereji ilipekuliwa upya, na risasi yenye vinasaba vya Halbach ikapatikana, ingawa kipimo chake kiliingia dosari: sampuli ya udhibiti ilichafuliwa na vinasaba vya mpimaji mwenyewe. Hata hivyo hakuna kipimo chochote kilichomweka Dassey mahali pa mauaji. Na liko jambo ambalo katika mabishano ya sebuleni halitajwi sana: katika kesi ya Avery, serikali haikuyatumia maungamo ya Dassey, ikawaambia wajumbe wa jopo kwamba ushahidi wote unaelekeza kwa mtu mmoja. Wiki chache baadaye, katika kesi ya Dassey, mtu huyo mmoja akawa wawili.

Anayejua kidogo sheria za kwetu anautazama mkanda ule kwa jicho lake. Mwaka 1967, katika kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliwaasa majaji wawe na hadhari kubwa na maungamo ambayo mshtakiwa ameyakana, na kwa kawaida watafute ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono kabla ya kuyategemea. Sheria ya Ushahidi ya Kenya ilikwenda mbali zaidi: maungamo hayapokelewi ila yametolewa mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi wa cheo fulani ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshtakiwa. Sisemi vituo vyetu vya polisi ni pepo ya haki za binadamu, nani asiyejua. Nasema kwamba mawakili na mahakimu wa huku walikwisha kuona, karibu nusu karne kabla ya mfululizo huu wa Netflix, ni kitu gani hutoka katika chumba ambamo mwenye kuuliza analijua jibu na mwenye kuulizwa anataka kwenda nyumbani.

Tofauti nyingine ya mifumo inaeleza kwa nini filamu hizi zinashamiri Marekani kuliko pengine popote. Jopo la Marekani halitoi sababu. Watu 12 wanajifungia, wanatoka, wanasema ana hatia au hana hatia, wanakwenda zao. Jaji au hakimu wa Dar es Salaam au Mombasa anatakiwa kisheria aandike: hoja zilizobishaniwa, uamuzi, na sababu za uamuzi. Hata wazee wa baraza walipokuwa wakitoa maoni yao, hukumu yenye sababu iliandikwa na jaji. Unaweza kuisoma ukakubali, au ukaona kwamba jaji kateleza ukurasa wa 14. Hukumu ya jopo haina ukurasa wa 14. Pale ambapo sababu zingekaa pana uwazi, na filamu inakuja kuujaza kwa sababu ilizozitafuta yenyewe.

Mara nyingine inaujaza vizuri. The Thin Blue Line ya Errol Morris, ya mwaka 1988, ilimhusu Randall Dale Adams, aliyehukumiwa kifo Texas kwa kumuua polisi wa Dallas mwaka 1976, na ambaye mwaka 1979 alibakiza siku tatu tu kabla ya hukumu hiyo kutekelezwa. Morris alikuwa amewahi kufanya kazi ya upelelezi binafsi, na inaonekana. Aliwafuata mashahidi mmoja mmoja, akawaacha waongee mpaka wakajikanganya wenyewe, na mwishoni akamrekodi shahidi mkuu wa serikali, David Harris, akitoa maneno yaliyokaribia kabisa kukiri kwamba Adams hakuhusika. Adams aliachiwa Machi 1989. Angalia tofauti: Morris alileta ushahidi ambao mahakama haikuwa imeuona. Wengi waliomfuata wamepanga upya ule ambao mahakama iliuona, wakaongeza muziki.

Na mara nyingine inaujaza kwa mtu. Mei 1993 watoto watatu wa miaka minane waliuawa West Memphis, Arkansas. Vijana watatu walitiwa hatiani mwaka uliofuata, baada ya kukamatwa kutokana na maungamo ya mmoja wao, aliyekuwa na miaka 17 na aliyekosea hata muda wa tukio, akiwaweka watoto msituni saa ambazo walikuwa darasani. Filamu ya Paradise Lost ya mwaka 1996 iliamsha umma, na bila shaka ilisaidia sana vijana hao kutoka mwaka 2011, mmoja akitokea kwenye orodha ya waliohukumiwa kifo, japo kwa makubaliano ya ajabu ya kisheria: walikiri rasmi huku wakiruhusiwa kusema kwamba hawakufanya. Hiyo ni heshima kubwa kwa filamu. Lakini filamu ya pili, ya mwaka 2000, ilimtumbulia macho baba wa kambo wa mtoto mmoja aliyeuawa. Watu wakamhukumu kwa sura, kwa ukubwa wa mwili, kwa jinsi alivyohubiri mbele ya kamera. Miaka ikapita, na filamu zilizofuata zikamwacha huyo zikamgeukia baba wa kambo wa mtoto mwingine. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushtakiwa kwa mauaji hayo. Watazamaji walioingia kwenye kisa hiki wakilaani vijana hao kuhukumiwa kwa nguo zao nyeusi na muziki wa Metallica waliousikiliza, wakatoka wakimhukumu mzazi aliyefiwa kwa namna anavyolia.

Hiyo ndiyo gharama ya kung’ang’ania swali la kwanza. Ukishasema Avery hakuua, huwezi kukaa kimya. Lazima umtafute aliyeua, na walio karibu ni ndugu, marafiki na wapangaji. Mwenye kusema serikali haikuthibitisha hadaiwi jina la mtu. Anaweza hata kuamini, kimoyomoyo, kwamba aliyefungwa ndiye aliyeua, na bado akadai kesi irudiwe. Mimi, kwa kadiri ya yale yaliyowekwa wazi, naona ushahidi dhidi ya Avery ni mzito kuliko filamu ilivyotaka nione, na naona kumfunga Dassey maisha kwa mkanda ule ni aibu. Nikisema hivyo mbele ya watu naonekana sina msimamo. Nadhani ni kwa sababu filamu imewauza wawili hao kama kifurushi kimoja.

Aliyepotea katika kifurushi hicho ni Teresa Halbach. Familia yake ilikataa kushiriki, na kwa hiyo kwenye saa zote zile tunamjua kupitia video fupi, wakati nyumba ya kina Avery tunaijua hadi bustani ya mama yake. Hata mwanamke aliyeshambuliwa mwaka 1985 alikataa kurekodiwa. Huyo ndiye mtu ambaye ningependa kumsikiliza kuliko wote. Alimtambua mtu asiye na kosa kwa uhakika kabisa, akajifunza ukweli baada ya miaka 18, akamwomba Avery msamaha, akafanya kazi na watetezi wa waliofungwa kimakosa. Sauti ya namna hiyo haiingii kirahisi katika hadithi inayotaka tuchague upande.

Kesi ya Dassey iliendelea bila kusubiri watazamaji. Agosti 2016 hakimu wa shirikisho alitengua hukumu yake, akisema maungamo hayakuwa ya hiari. Juni 2017 majaji watatu wa rufaa wakamuunga mkono, wawili kwa mmoja. Desemba mwaka huohuo mahakama hiyohiyo ilikaa upya ikiwa na majaji saba, na wanne dhidi ya watatu wakairudisha hukumu. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri. Ataruhusiwa kuomba kuachiliwa kwa masharti mwaka 2048. Chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1996, swali lililokuwa mezani kwa majaji wale saba lilikuwa kama mahakama za Wisconsin, kwa kuyakubali maungamo yale, zilikuwa zimevuka mpaka wa uamuzi ambao jaji mwenye busara angeweza kuufikia. Kama kijana yule aliua, hakuna aliyewauliza.